Hodi Isiyojibiwa

Maneno tunayoyajadili mahali hapa mara nyingi hutoka katika tenzi za kale au katika lahaja za pwani. Langu la leo limetoka katika kompyuta, nami nimekutana nalo mbali na bahari, katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita. Neno lenyewe ni soketi. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wa Kahama kuandika programu, na hakuna somo linalonilazimisha kuitafakari lugha yetu kama somo la kufungua soketi. Nitaeleza kwa nini. Kisha nitaeleza jinsi sentensi moja fupi ya Kiswahili, ndani ya programu ndogo, ilivyotuweka kikaoni kutwa nzima kwa sababu iligusa uhai wa watu.

Kwa asiyeijua soketi: programu mbili zilizo katika kompyuta mbili tofauti zikitaka kuzungumza, kila moja huuomba mfumo endeshi wa kompyuta yake tundu la kusemea na kusikilizia. Mwandishi wa programu hana haja ya kujua nyaya zinapita wapi wala minara ya simu imesimama mlima gani. Kazi hiyo huiazima katika maktaba, yaani hazina ya msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, na kuita amri zake kwa majina. Amri hizo zilianza kuenea mwaka 1983, Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley kilipotoa toleo la 4.2 la mfumo wake wa Unix. Zaidi ya miaka 40 imepita, na mwanafunzi wangu anayeandika kwa lugha ya Python mjini Kahama bado anaita amri zilezile: socket, bind, listen, accept, connect, send, recv, close. Ni maneno manane tu, na mtu angeweza kudhani kwamba kuyavisha Kiswahili ni kazi ya alasiri moja.

Tuanze na jina lenyewe. Kwa Kiingereza, socket ni neno la mkulima na la askari. Lilitokana na neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha chuma cha plau, likapita katika ncha ya mkuki yenye umbo kama la chuma hicho, ndipo likafika kwenye tundu ambamo kitu huchomekwa: tundu la jicho, tundu la mshumaa, tundu la umeme. Wahandisi waliolichukua hawakuona haya kutumia neno lililotoka shambani. Nasi tuna urithi wa namna hiyo. Warongo, wafua chuma wa Uzinza, upande huuhuu wa Geita, walifua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi. Jembe lile la kale lilikuwa na mkia wa chuma uliozamishwa katika tundu la mpini. Mwanafunzi aliyekulia shambani akiambiwa kwamba soketi ni tundu la mpini, ambamo chuma cha programu moja hushikana na mti wa programu nyingine, huelewa bila kuchorewa. Hata hivyo naliacha jina soketi lilivyo, kwa kuwa kila fundi umeme kutoka Shinyanga hadi Geita analijua na kulitumia. Ukoo wa neno ninaueleza darasani. Neno lenyewe limekwisha kupata uraia.

Ugumu umo katika vitenzi. Amri ya bind huishikamanisha soketi na anwani na namba fulani ili wageni wajue pa kuifuata. Kamusi itakwambia kwamba bind ni kufunga. Amri ya close huikomesha soketi na kuirudisha kwa mfumo endeshi. Kamusi itakwambia kwamba close, nayo, ni kufunga. Kiswahili hufunga mzigo na hufunga mlango kwa kitenzi kimoja. Hufunga ndoa, hufunga bao, hufunga Ramadhani. Mshairi huufurahia utajiri huo kwa sababu humpa fumbo bila gharama. Lakini mwalimu anayesema “sasa funga soketi” amewagawa wanafunzi wake makundi mawili: wa kwanza wanaanza kazi, wa pili wanaimaliza. Hapo ndipo jembe la Warongo liliponifaa tena. Mpini haufungwi kwenye jembe, hupachikwa. Darasani kwetu, basi, bind ni kupachika na close ni kufunga. Listen ni kutega sikio, kwa kuwa soketi hiyo bado haijasikia lolote. Imejiweka tayari kusikia. Accept ni kupokea mgeni. Recv tunaiita kupokea ujumbe, na haturuhusu kitenzi hicho kisimame peke yake, kisije kikamchanganya mgeni na alichokibeba.

Kuna pia ile namba ya kupachikia, ambayo kwa Kiingereza huitwa port. Nimewahi kuona tafsiri zinazoiita bandari. Katika Kilatini yalikuwapo maneno mawili ya karibu: portus, iliyo bandari, na porta, iliyo lango. Port ya kompyuta ni ya ukoo wa lango. Namba hizo huishia 65,535, na baadhi zina wenyewe wanaojulikana duniani kote: 80 na 443 ni za tovuti. Kompyuta, basi, ni nyumba moja yenye milango maelfu, na nyuma ya kila mlango huenda pana mtu au hapana. Mtoto wa Kahama asiyewahi kuiona bahari hahitaji kupandishwa meli ili aelewe mlango.

Na palipo na mlango pana hodi. Nathubutu kusema kwamba hapa lugha yetu inaieleza kompyuta vizuri kuliko lugha iliyoibuni. Itifaki ya TCP, ambayo maelezo yake rasmi yalichapishwa Septemba 1981, huanza kila mazungumzo kwa hatua tatu. Mgeni hutuma kifurushi kinachosema: naomba tuzungumze, na hesabu yangu inaanzia hapa. Mwenyeji hujibu: nimekusikia, na hesabu yangu inaanzia hapa. Mgeni humalizia: nami nimekusikia. Waingereza huuita utaratibu huo kupeana mikono. Kupeana mikono ni tendo la watu wawili wanaoonana, ilhali programu hizi hazionani. Anayebisha hodi naye haoni: yuko nje, ukuta uko kati, na yote anayoyajua kuhusu walio ndani ni sauti itakayomrudia. Hodi. Karibu. Ahsante, nimekaribia. Hatua ni tatu kamili, na hakuna iliyozidi. Bila ya ile ya tatu, mwenyeji hajui kama karibu yake ilisikika.

Hata neno itifaki ni letu kabla ya kuwa la kompyuta. Maana yake ni mapatano. Mapatano ya hodi yana adabu yake, nayo TCP inaijua adabu hiyo: hodi isiyojibiwa hurudiwa, lakini kwa kuongeza subira. Kompyuta nyingi zenye mfumo wa Linux wa kabla ya mwaka 2023, zisipoagizwa vingine, hungoja sekunde 1 kisha hubisha tena, hungoja 2, kisha 4, 8, 16, 32, na baada ya hodi ya mwisho hungoja 64. Jumla ni sekunde 127. Baada ya hapo huondoka mlangoni.

Sasa niwaeleze kile kikao. Vijana watatu kati ya niliowafundisha waliombwa na kikundi cha wachimbaji wadogo kuwatengenezea chombo cha kupima maji katika duara. Msomaji wa mbali aelewe kwamba duara, huku kwetu, ni shimo la kuchimbia dhahabu, lenye matimba ya miti kuzuia kuta na kamba au winchi ya kushushia watu. Maji ni adui wa kila siku wa duara. Pampu ikizimika usiku na zamu iko chini, lazima mtu wa juu ajue mapema. Vijana walifunga kipimo karibu na pampu, wakakiunganisha na kompyuta ndogo iliyotega sikio kwenye mlango wake, na katika kibanda cha ofisi wakaweka kompyuta nyingine iliyobisha hodi kila dakika na kuuliza: maji yako wapi? Jibu likija, kioo kilionyesha kina cha maji. Jibu lisipokuja ndani ya sekunde 10, kioo kilionyesha maneno mawili kwa herufi kubwa: MUDA UMEKWISHA.

Maneno hayo hayakuwa na kosa la sarufi. Ni tafsiri ya kawaida ya ujumbe ambao maktaba ya Python hutoa kungoja kunapopita kiasi, na wengi wetu tumeyaona katika simu na katika mashine za benki. Aliyeyasoma usiku ule, hata hivyo, alikuwa mlinzi wa kikundi, mzee wa Kisukuma aliyechimba tangu ujana wake kabla ya mgongo kumkataza. Asubuhi aliniletea swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtahini yeyote.

“Mwalimu,” alisema baada ya salamu, “kile kioo cha wajukuu zangu kiliniambia muda umekwisha. Nikajiuliza, muda wa nani? Huku kwetu, tukisema muda wa mtu umekwisha, tunatafuta sanda.”

Nilimuuliza alifanya nini. Alikwenda kwenye duara kwa miguu, gizani, akatikisa kamba, na walioko chini wakamjibu kwa kuitikisa. Maji yalikuwa chini. Betri ya kile chombo ndiyo iliyokwisha.

Vijana walifarijika na kutaka kubadilisha betri yakaishia hapo. Mzee alikataa, nami nikawa upande wake. Alisema jambo ambalo tangu hapo nalirudia kila mwaka darasani: “Usiku ule nilikwenda kwa sababu niliogopa. Nikikisoma mara kumi na mara zote ikawa ni betri, mara ya kumi na moja sitakwenda. Kiambieni kiseme anachokijua, kisiseme asichokijua.” Naandika kama alivyotamka, kwa ngeli ya watu. Hakukosea. Kwake, kitu kinachobisha hodi kina nafsi.

Kikao chetu, kwa hiyo, kilikuwa juu ya swali hili: programu inajua nini inaponyamaziwa? Tuliliandika ubaoni. Kuna majibu mawili yasiyo ya heri, na tafsiri nyingi huyachanganya. La kwanza ni kukataliwa. Kompyuta ya upande wa pili ni nzima, hodi imeifikia, lakini nyuma ya mlango ulioitwa hakuna programu iliyotega sikio. Mfumo endeshi wake hurudisha kifurushi cha kukata mazungumzo, na Python huripoti kwamba muunganisho umekataliwa. Hilo ni jibu. Ni kama kubisha nyumba ya jirani ukaambiwa na mtu wa uani kwamba mwenyewe hayupo. Umejua kwamba nyumba imesimama na ina watu. La pili ni ukimya, na ukimya si jibu. Huenda betri imekwisha. Huenda upepo umeuinamisha mlingoti wa antena, au panya wamekata waya. Huenda kuna ukuta wa ulinzi uliowekwa makusudi kunyamazia wageni. Au maji yamepanda hadi yamekifunika chombo chenyewe. Mambo yote hayo, kwa anayebisha, yana sura moja.

Watu wa mikoa hii hawahitaji kufundishwa kwamba ukimya wa chini ya ardhi una zaidi ya maana moja. Oktoba 2015 mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama, uliwafukia wachimbaji waliodhaniwa kuwa wamekufa. Katikati ya Novemba watano walitolewa wakiwa hai, baada ya siku 41. Januari 2017, huko Nyarugusu, Geita, watu 15 walifukiwa mgodini na wote wakatolewa hai baada ya takriban siku tatu. Yapo maduara mengine ambayo ukimya wake ulikuwa ndio mwisho, na kila kijiji cha ukanda huu kina majina yake ya kuhesabu. Ukisimama juu ya shimo huwezi kutofautisha ukimya wa namna hii na wa namna ile kwa kusikiliza tu. Unachoweza ni kuamua utangoja muda gani, na ukichoka kungoja utafanya nini.

Hapo ndipo tulipoiona kasoro ya sentensi ile. “Muda umekwisha” inauweka mwisho kwa yule asiyejibu, au inauelea hewani kana kwamba muda ulijiishia wenyewe kwa amri ya mbinguni. Ukweli ni kwamba hakuna kilichokwisha upande wa pili ambacho programu inaweza kukithibitisha. Kilichokwisha ni subira ya anayebisha, na subira hiyo ilipangwa na kijana wa miaka 22 aliyeandika namba 10 katika mstari mmoja wa msimbo. Kiswahili kwa kawaida kinataka kitenzi kitaje mtendaji wake kwa kiambishi mwanzoni, na hapa kiambishi hicho ndicho hoja yote. U- ya muda ilikuwa inamficha ni- ya anayengoja.

Kijana mmoja alipinga, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema ujumbe wa kompyuta lazima uwe mfupi, na kwamba mlinzi aliyechoka usiku wa manane hasomi insha. Tulikata maneno hadi jioni. Mwishowe kioo kiliandika hivi: NIMENGOJA SEKUNDE 10, SIJAJIBIWA. NENDA KATAZAME. Na pale kunapokataliwa: CHOMBO KIMENIJIBU, KIPIMO HAKIFANYI KAZI. MWITE FUNDI. Ujumbe wa kwanza unamtoa mzee kitini. Wa pili unamwacha akae na kupiga simu. Ni sentensi mbili zenye matendo mawili tofauti, kwa sababu ni habari mbili tofauti. Angalieni pia ile -ja- ya “sijajibiwa”. “Sikujibiwa” ingefunga mlango. “Sijajibiwa” inauacha wazi, kwamba huenda jibu bado liko njiani. Lugha nyingi zingehitaji neno zima la pembeni kuibeba maana hiyo. Sisi tunayo silabi moja.

Kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa washairi, naambatisha ubeti niliouandika siku ile pembeni mwa daftari la kikao, wenye mizani ya kawaida ya nane kwa nane:

Hodi hodi mlangoni, kwa heshima naongea,
Kama umo humo ndani, jibu nitalipokea,
Kimya hakina bayani, maana hunipotea,
Sisemi u kaburini, nasema nimengojea.

Mwenye kutaka kuudurusu na audurusu. Mimi nautumia darasani kwa sababu mstari wake wa nne ndio ufafanuzi sahihi kuliko wote nilionao wa kile kinachotokea soketi inapochoka kungoja.

Liko jambo la pili la ukimya, nalo halina dawa ya maneno peke yake. Soketi mbili zikiisha kukaribishana, itifaki haizilazimishi kusemezana. Zinaweza kukaa kimya saa nyingi na bado zikahesabika kuwa zimeungana. Waya ukikatwa katikati, anayetega sikio hataambiwa. Ataendelea kungoja ujumbe ambao hautakuja. Python nayo, isipopewa kikomo, hungoja bila mwisho. Upo utaratibu wa kujuliana hali, ambao katika Linux ni lazima uuombe, na hata ukiuomba huanza baada ya saa 2 za ukimya, kisha hurudia mara 9 kila baada ya sekunde 75 ndipo husadiki kwamba mwenzake hayupo. Saa 2 na zaidi ni nyingi mno kwa duara linalojaa maji. Vijana walishusha muda huo kuwa sekunde 30, na mzee aliposikia alisema kwamba hata watikisa kamba wa zamani walikuwa na kipindi chao, na aliyepitisha kipindi bila kutikisa alifuatwa.

Kamusi zetu za teknolojia ya habari zina maneno mazuri, na kuna waliotangulia kuyatolea jasho. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Yapo maneno yaliyopendekezwa yakabaki vitabuni, na yapo yaliyoingia kinywani mwa watu kwa majuma machache. Kumbukeni makinikia. Kabla ya Machi 2017, serikali ilipozuia kusafirishwa nje kwa mchanga wenye dhahabu na shaba kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, wangapi mtaani walikuwa na neno hilo? Baada ya hapo lilitamkwa na bodaboda na wauza mbogamboga. Watu hulishika neno la kitaalamu kwa haraka sana pindi wanapoona kwamba lina fungu lao ndani yake.

Ndiyo maana naleta maneno yangu kwenu yakaguliwe: kupachika, kutega sikio, kubisha hodi, kupokea mgeni, mlango, na kwa ule muda wa subira, ukomo wa kungoja. Hilo la mwisho ndilo ninalolitetea kwa nguvu kuliko yote, kwa kuwa linamtaja anayengoja na linamwachia asiyejibu nafasi ya kuwa hai. Kama mnalo lililo bora, hasa nyinyi mnaozijua lahaja ambazo mimi wa bara sizijui, nipeni nilipeleke darasani. Muhula unaanza karibuni, na somo la kwanza ni kufungua soketi.